Istilahi za Nakala Rudufu: Saraka Ikihama na Kiungo Kikibaki

Miongoni mwa maswali tuliyoletewa limo moja kutoka Tunduma ambalo, kwa kulitazama juu juu, ni swali la fundi wala si la mwanalugha. Muulizaji alikuwa amefasiri mwongozo wa kompyuta kwa ajili ya makarani wa ofisi moja mpakani. Katika mwongozo huo aliandika sentensi fupi: "Viungo huhifadhiwa kama vilivyo." Makarani waliisoma, wakaifuata, na kwa miezi kadhaa kila jioni mashine iliwaarifu kwamba kazi ya kuhifadhi imekamilika salama. Siku diski ilipoharibika, walifungua nakala yao wakakuta saraka iliyokuwa na kumbukumbu za mizigo ya mwaka mzima imegeuka kuwa jina tupu. Mfasiri anauliza: je, kosa ni la mashine, la karani, ama ni langu?

Kwa kweli mashine ilifanya kama ilivyoagizwa, na karani alifuata maandishi aliyopewa. Yafaa basi tuitazame ile sentensi na maneno yaliyo jirani nayo, kwa kuwa wengi wetu tunayatumia katika tafsiri bila ya kujiuliza yanabeba nini.

Si ajabu kwamba istilahi za uwanja huu bado hazijatulia. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa mashine hizo, na zuio hilo halikuondolewa mpaka miaka ya tisini. Katika kipindi hicho hicho dhana nyingi tunazozizungumzia hapa zilikuwa zikizaliwa kwingineko. Viungo vya aina iliyowatatiza makarani wetu, kwa mfano, viliingizwa katika mfumo wa Unix wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983. Tulikuwa na Baraza, tulikuwa na wanaistilahi, lakini hatukuwa na mashine za kutusukuma tuyatafute maneno. Mashine zilipokuja, zilikuja na maneno yake.

Tuanze na nakala yenyewe. Wengi husema "nakala rudufu", na neno hili linafaa, kwa kuwa kurudufu ni kufanya kitu kiwe viwili. Katika baadhi ya programu za simu tunakutana na neno "chelezo", ambalo mtu wa pwani analijua kwa maana ya kitu kieleacho majini, kama boya. Taswira yake ni nzuri: chombo kikizama, chelezo kinabaki juu. Hata hivyo, kwa maandishi ya ofisi sisi twaona "nakala rudufu" ina uwazi zaidi, na mkaazi wa Vwawa aliye mbali na bahari hahitaji kufafanuliwa.

Ugumu unaanza tunapofika kwenye aina za nakala. Iko nakala kamili, ambayo huchukua kila kitu, na hilo halina mjadala. Kisha iko ile inayochukua tu kilichobadilika tangu mara ya mwisho, ambayo wafasiri wengi huiita "nakala ya nyongeza". Jina hili lina kasoro. Mtumishi wa Serikali anapolisikia neno "nyongeza" huwaza kitu kilichozidi, kama nyongeza ya mshahara. Lakini katika ofisi mambo hayazidi tu. Majalada hufutwa, huhamishwa, hubadilishwa majina, saraka moja hugawanywa ikawa mbili. Nakala inayochukua nyongeza peke yake haiwezi kuirejesha ofisi kama ilivyokuwa jana. Itarudisha vilivyoongezeka pamoja na mizimu ya vilivyokwisha kufutwa. Kwa hiyo twapendekeza "nakala ya mabadiliko". Na ile aina ya tatu, ambayo kila siku hukusanya mabadiliko yote tangu nakala kamili ya mwisho badala ya tangu jana, iitwe "nakala ya mabadiliko jumlishi". Haya ni mapendekezo ya mwandishi, wala si istilahi zilizokwisha kusanifiwa.

Ili mfasiri aifahamu dhana ya mabadiliko, hapana budi ajue mashine inatambuaje kwamba kitu kimebadilika. Kwa mtu aliyepata kufanya kazi masjala jambo hili si geni. Karani aliyeagizwa kunakili majalada yaliyobadilika anaweza kutazama tarehe ya mwisho iliyoandikwa juu ya kila jalada. Anaweza kutazama kama jalada limewekwa alama ya wino mwekundu. Ama anaweza kulifungua daftari lake la jana na kulilinganisha na rafu, mstari kwa mstari. Kompyuta hufanya mojawapo ya hayo matatu, na kila njia ina upofu wake.

Mkoa wa Songwe wenyewe unatupatia mfano ulio bora kuliko wa kubuni. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Wilaya za Mbozi, Ileje na Momba zilihamia mkoa mpya, pamoja na Wilaya ya Songwe iliyokuwa imemegwa kutoka Chunya, na makao makuu yakawekwa Vwawa. Momba nayo ilikuwa imekwisha kuzaliwa ndani ya Mbozi miaka michache kabla. Ardhi haikusogea hata hatua moja. Mlima ulibaki pale pale na mkulima wa kahawa wa Mbozi aliamka katika shamba lile lile. Kilichobadilika ni njia ya jina: palipoandikwa "Mbeya, Mbozi" sasa paliandikwa "Songwe, Mbozi".

Sasa tuseme ofisi fulani ina saraka iitwayo Mbeya, na ndani yake saraka ya Mbozi yenye faili elfu kumi. Karani anaiburura saraka ya Mbozi na kuiweka ndani ya saraka mpya iitwayo Songwe. Jioni programu ya kuhifadhi inaanza kazi. Ikiwa inatazama tarehe tu, itakuta kwamba faili zote elfu kumi zina tarehe za zamani, kwa sababu kuihamisha saraka hakugusi muhuri wa tarehe wa faili zilizomo ndani yake. Itazipita zote. Hapa hasara si kubwa bado, maana faili hizo zimo katika nakala kamili ya mwanzo, ingawa kwa jina la zamani, na atakayekuja kuzirejesha atazikuta Mbeya badala ya Songwe.

Hasara yenyewe huja pale saraka inapotoka nje ya eneo linalohifadhiwa. Mkoa unapogawanywa, kumbukumbu husafiri. Faili za mwaka 2014 huletwa na kuwekwa katika kompyuta ya ofisi mpya, zikiwa na tarehe zao za mwaka 2014. Kwa ofisi hiyo ni faili mpya kabisa, hazimo katika nakala yoyote; lakini kwa programu inayouliza "je, faili hii imeandikwa baada ya jana?" jibu ni hapana, na kwa hiyo haichukuliwi. Itaendelea kuachwa kila jioni mpaka siku itakapofanywa nakala kamili nyingine. Ikiwa diski itakufa kabla ya siku hiyo, faili hizo zimekwenda. Mfasiri anayeandika "faili mpya zitahifadhiwa" atambue kwamba "mpya" hapa halina maana moja: kipo kilicho kipya kwa tarehe yake, na kipo kilicho kipya kwa mahali pake. Kiswahili kinaweza kabisa kuzitenganisha dhana hizi, kwa kusema "faili zilizoandikwa upya" na "faili zilizoingia".

Njia ya alama haina nafuu. Katika Windows kila faili ina alama inayosema kama inahitaji kuhifadhiwa. Programu ikikwisha kuichukua, huifuta alama hiyo, na faili ikiandikwa tena, alama hurudi. Lakini saraka nzima ikihamishwa, faili zilizomo hubaki na alama kama ilivyokuwa. Kama ilikuwa imefutwa, basi imefutwa.

Njia ya daftari ndiyo yenye busara, na mfano wake unaojulikana sana ni programu ya tar ya mradi wa GNU. Hii hutunza faili ya pembeni ambamo huandika kila saraka, majina yaliyomo, tarehe, na namba ambayo mfumo wenyewe umeipa saraka hiyo. Namba hiyo ndiyo utambulisho wa kweli. Jina ni vazi tu. Msomaji akitaka kuona faida ya kutofautisha jina na utambulisho, na azingatie kwamba "Songwe" ni mto, ni wilaya, ni mkoa, na ni kiwanja cha ndege ambacho hakimo katika Mkoa wa Songwe bali katika Mkoa wa Mbeya. Mgeni anayefuata jina tu atashuka mahali asipopatarajia. Programu yenye daftari, ikikuta namba ile ile imevaa jina jipya, hutambua kwamba saraka imehama. Na ikikuta saraka isiyokuwamo daftarini, huichukua yote pamoja na vilivyomo, bila ya kujali tarehe.

Njia hii nayo ina ugonjwa wake, ambao dalili yake ni kinyume cha ule wa kwanza. Nakala ya mabadiliko iliyozoeleka kuwa ndogo ghafla inavimba na kuwa sawa na nakala kamili, ingawa hakuna aliyefanya kazi ya ziada siku hiyo. Mara nyingi sababu ni kwamba daftari limepotea ama limefutwa, na programu isiyo na daftari huanza upya kama siku ya kwanza. Sababu nyingine ni kwamba diski yenyewe imepewa namba nyingine baada ya mashine kuzimwa na kuwashwa. Daftari linasema saraka hizi ziko katika kifaa cha namba fulani. Leo kifaa kina namba nyingine. Basi programu inaona kila saraka kuwa ngeni. Waliotunga tar wameweka chaguo la kuiamuru isiikague namba ya kifaa, na katika hali kama hii ndilo la kutumia.

Programu ya rsync, iliyotolewa mwaka 1996, hufuata mwenendo mwingine. Kwa kawaida hulinganisha mahali pawili kwa jina, ukubwa na tarehe. Saraka ikibadilishwa jina, kwake ni kwamba moja imetoweka na nyingine imezaliwa. Itaituma yote upya, na kama imeagizwa kufuta visivyokuwapo, itaifuta ile ya zamani kule inakohifadhi. Hakuna kinachopotea, ila muda na nafasi, na katika ofisi yenye mtandao wa kusuasua muda huo ni usiku mzima.

Sasa turudi kwenye viungo, ambako ndiko kulikotokea msiba wa muulizaji wetu.

Neno "kiungo" lilikuwa na kazi nyingi kabla ya kompyuta kufika. Ni mahali mifupa inapokutana, ni sehemu ya mwili, ni kitu cha kukoleza mchuzi. Katika maana zote hizi kiungo kina mwili wake: goti ni kitu, na bizari ni kitu. Kwa hiyo msomaji anapoambiwa "viungo huhifadhiwa kama vilivyo", anaelewa kwamba kile anachokiona na kukifungua kitahifadhiwa na nyama yake. Kumbe mwongozo ulikusudia kinyume: kinachohifadhiwa ni ishara ya njia tu, yaani maneno machache yasemayo "nenda mahali fulani", wala si kile kilichoko huko.

Wakaazi wa Tunduma wana mfano wa jambo hili mbele ya macho yao. Mwaka 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walizindua kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde. Kwa utaratibu wa vituo vya namba hiyo, anayetoka nchi moja kwenda nyingine hukamilisha shughuli za nchi zote mbili upande anaoingilia. Tuseme basi kwamba mtu anafika kwenye dirisha la zamani upande wa Tunduma, anakuta kibao kinachomwelekeza ng'ambo. Kibao kinafanya kazi yake vizuri: akikifuata atahudumiwa. Lakini mpiga picha atakayepiga picha za majengo yote ya upande wa Tunduma atarudi na picha ya kibao, wala hatakuwa na picha ya dirisha wala ya karani aliyeketi nyuma yake. Kiungo cha kompyuta ni kibao hicho.

Katika ile ofisi mambo yalikwenda hivi. Diski ilijaa. Mtu mwenye nia njema aliihamishia saraka ya mizigo katika diski ya pili, na ili wenzake wasipate taabu akaacha kiungo chenye jina lile lile pale ilipokuwa. Tangu siku hiyo makarani walibofya jina lile lile, wakaona faili zile zile, wakaandika kama kawaida. Programu ya kuhifadhi, iliyoagizwa kuichukua diski ya kwanza tu, ilikuta pale palipokuwa na saraka sasa pana kiungo; ikakiandika kiungo, ikaendelea. Hilo kwake lilikuwa badiliko moja dogo, lililohifadhiwa kwa usahihi. Diski ya pili haikuwahi kuguswa. Nakala za zamani zilizokuwa na saraka yenyewe zilifutwa kwa zamu, kama ilivyo desturi ili kupata nafasi, na ya mwisho ilipofutwa hakuna aliyejua.

Dalili ilikuwapo kwa yeyote ambaye angeitazama: nakala ya kila jioni ilipungua ukubwa kwa ghafla, na nakala kamili iliyofuata ilikuwa ndogo kuliko ile iliyoitangulia, ingawa kazi ya ofisi ilikuwa ikiongezeka. Nakala iliyovimba humfanya mtu alalamike kwa sababu inajaza diski. Iliyokonda haimsumbui mtu, na ndiyo ya kuogopwa zaidi.

Yapo maagizo ya kuiambia programu ivifuate viungo na kuvichukua vile vinavyoelekezwa. Yasitolewe ovyo. Kiungo kinaweza kuelekeza kwenye saraka ambayo ndani yake mna kiungo kinachorudi kule kule kilikotoka, na hapo kazi huzunguka. Ama saraka moja inaweza kuelekezwa na viungo vitano ikanakiliwa mara tano. Jambo la uangalifu ni kuitaja diski ya pili waziwazi miongoni mwa mahali panapohifadhiwa, na kukiacha kiungo kibaki kiungo.

Kwa upande wa lugha, twapendekeza aina hii iitwe "kiungo kielekezi", ili kazi yake ya kuelekeza tu isikike katika jina. Maana ipo aina nyingine ambayo Kiingereza huiita kwa neno lile lile la kiungo, lakini ambayo kwa hakika si kiungo: ni faili moja iliyopewa majina mawili yenye hadhi sawa. Ukifuta jina moja, faili inaishi kwa jina la pili. Mfasiri akiyaita yote mawili "kiungo" atakuwa amemfunga msomaji kitambaa machoni. Hii ya pili iitwe "jina pacha". Kuhusu kuhifadhi, yatosha kusema kwamba tar huyachukua maandishi mara moja na pacha wa pili humwandika kama marejeo kwa wa kwanza, na rsync isipoagizwa kuwatambua mapacha huwafanya faili mbili zisizojuana.

Limebaki neno "kurejesha", ambalo wafasiri hulipa maana nyepesi mno. Kurejesha kutoka nakala za mabadiliko si kumwaga faili kutoka gunia moja. Huanza nakala kamili, kisha hufuata za mabadiliko kwa mpangilio wa siku zake, bila ya kuruka hata moja. Aidha, tar inaporejesha kwa utaratibu huu hufuta katika saraka yale majina ambayo siku ya kunakili hayakuwamo. Lengo ni kuirudisha saraka kama ilivyokuwa siku hiyo. Mtu asiyelijua hilo akirejesha moja kwa moja juu ya kazi ya leo, anaweza kufuta alichokiandika leo. Kwa hiyo neno "rejesha" katika mwongozo lifuatane na maelezo kwamba kazi ifanyike kwanza katika saraka tupu iliyo kando, orodha ya vilivyomo isomwe, ndipo vinavyotakiwa vihamishwe. Na kabla ya hapo, siku ambayo hakuna aliyepata msiba, achaguliwe karani mmoja ajaribu kurejesha faili tatu: moja ya zamani, moja iliyoingizwa kutoka nje, na moja iliyoko nyuma ya kiungo kielekezi.

Ile sentensi ya mfasiri wetu basi tungeiandika hivi: "Programu hukihifadhi kiungo kielekezi chenyewe, yaani jina la mahali kinapoelekeza, haihifadhi faili zilizoko mahali hapo." Ni ndefu kuliko ya kwanza, na itampa taabu mpangaji wa kurasa, lakini karani atakayeisoma ataamka aende kuitazama diski ya pili.

Dhana moja bado tunaitafutia jina. Saraka inayoelekezwa ikiondolewa, kiungo hubaki kikielekeza mahali ambapo hapana kitu, ukikibofya, hakifunguki. Ndicho makarani walichokikuta baada ya kurejesha nakala yao. Tumefikiria "kiungo yatima", lakini yatima ni mtu aliyefiwa, naye hana hatia ya kumpoteza mtu njia. Wasomaji walio katika ofisi, hususan wa mipakani, wanaombwa watuletee neno wanalolitumia wao.